Fundi Alikuwa Yule wa Kiti cha Abiria

Aliyelala mbele yetu alikuwa fundi. Familia imetaka neno hilo litangulie, kabla ya tarehe na kabla ya mahali, kwa sababu tangu siku aliyofariki imeombwa kwa upole, na baadaye si kwa upole sana, iandike kwamba marehemu "alimsaidia mumewe katika shughuli zake". Aliyeomba ni shemeji yake, baba mdogo wa watoto, na yuko hapa mstari wa mbele. Baba mdogo, shikamoo. Jibu ni hapana.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957, mtoto wa tatu kati ya saba. Baba yake alikuwa mpaka rangi wa majengo na mama yake fundi cherehani, aliyeshonea nguo za watu kwenye chumba kilekile walicholala watoto. Akiwa na miaka sita alizoea kucheza chini ya meza ya cherehani. Siku moja akatoa kichwa akasema, "Mama, sindano inataka kukatika." Mama yake akacheka. Sindano ikakatika. Ikatokea tena mwezi uliofuata, na mara ya tatu mama hakucheka. Alisimamisha mashine, akabadilisha sindano, akaendelea kushona. Watu wa nyumba ile walisema mtoto ana mambo. Hakuwa na mambo yoyote. Alikuwa na masikio, na alikuwa akisikiliza wenzake wanapopiga soga.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1975. Katika mtihani wa fizikia alikuwa wa kwanza darasani. Zawadi ilikuwa pasi ndogo ya umeme ya kuchomea nyaya kwa risasi, lakini mwalimu mkuu aliona msichana hana pa kuipeleka, akampa mvulana aliyekuwa wa pili. Marehemu akapewa vikombe sita vya chai na kupigiwa makofi. Alimsubiri yule mvulana getini.

"Mama yako anakunywa chai?"

"Anakunywa."

"Basi shika vikombe, lete pasi."

Nyumbani alisemwa wiki nzima, maana vikombe vilivyokuwepo vilikuwa viwili na kimoja kilishapoteza mkono. Pasi ile aliitumia miaka kumi na minne.

Mwaka 1976 alisomea upigaji chapa, kwa kuwa ndiyo nafasi aliyopewa, na Machi 1978 akaajiriwa kuwa karani wa duka lililouza redio za magari. Nyuma ya duka kulikuwa na karakana, na katika karakana kulikuwa na kijana mrefu, mpole, aliyepanga nyaya kwa unadhifu kama nywele zilizosukwa. Kabla ya hapo kijana huyo alikuwa amefanya kazi miaka mitano kwenye gereji ya mabasi, akijaribu honi kuanzia asubuhi mpaka jioni. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1982. Bwana harusi alifunga redio ya gari la maharusi kwa mikono yake, na redio hiyo ikapiga mluzi njia nzima, dereva akikanyaga mafuta ndivyo unavyopanda. Bibi harusi alidhani mumewe anausikia ila anaona haya kuutaja, naye akanyamaza kwa adabu.

Aprili 1985 walifungua karakana yao. Ilikuwa chumba kimoja cha mabati, ubavuni kwa fundi wa pancha, chenye benchi, taa ya kuning'inia na makopo ya boliti yaliyopangwa kwa ukubwa. Juu ya mlango paliandikwa "Daktari wa Redio za Magari". Wateja wakamwita mume Daktari, na mke wakamwita Mama Daktari. Kazi yao kubwa ilikuwa kelele. Gari likiwaka, spika zinalia mluzi. Dereva akiwasha taa ya kugeukia, spika zinadonoa. Na siku za mbele zilipokuja skrini za video, picha inakatwa na mistari inayopanda kama mchwa ukutani.

Mwaka 1988 mwenye teksi mmoja alirudisha gari lake mara tatu. "Bado inalia, Daktari." Daktari akakaa ndani, akawasha injini, akaapa kwamba gari liko kimya kabisa. Mwenye teksi akaanza kupandisha sauti, kwamba anafanywa mjinga. Mama Daktari alikuwa ameleta uji. Akainamisha kichwa dirishani.

"Baba, huisikii hiyo?"

"Ipi?"

"Hiyo inayopanda ukikanyaga mafuta."

Daktari akakanyaga mafuta. Akamtazama mkewe. Akazima injini na kumwambia mwenye teksi arudi kesho asubuhi, na mwenye teksi alipotoka mke na mume walikaa garini mpaka uji ukapoa. Honi za mabasi zilikuwa zimeondoka na sauti zote nyembamba masikioni mwa Daktari. Alisikia watu wakizungumza, alisikia muziki, lakini mluzi ule, ambao ndio uliokuwa ukiwalisha, hakuwahi kuusikia hata siku moja.

Kuanzia hapo wakawa na utaratibu. Daktari alilala chini ya dashibodi na nyaya zake. Mama Daktari alikaa kiti cha abiria, mkoba mapajani. Mluzi ukiwapo aligonga dashibodi kwa kidole mara moja. Ukiondoka, mara mbili. Mtaa mzima ulimwona, na mtaa mzima ukatoa maelezo yake. Fundi wa pancha ndiye aliyekuwa hodari wa kuyasambaza: "Mama yule ana wivu jamani! Hata ndani ya gari la mtu anamlinda mume." Marehemu aliyasikia yote hayo, kama tulivyokwisha kusema kuhusu masikio yake, na hakujibu.

Lakini anayesikia kelele ndiye anayeweza kuifuata, na haikupita miaka mitatu kidole kikawa hakitoshi tena. Mchana, wateja walipokwenda kula, Daktari alishusha mlango na mkewe akaingia yeye chini ya dashibodi. Alikataa katakata kufunga vichujio vya kelele ambavyo mafundi wengine walivifunga kwenye kila gari. "Unaiziba mdomo tu," alisema. "Iulize kwanza imepita mlango gani." Alichomoa waya mmoja, akasikiliza. Akaurudisha, akachomoa wa pili. Mara nyingi kosa lilikuwa kwenye ethi, ule waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari: fundi aliyetangulia alikuwa ameukaza juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme vizuri. Marehemu alikwangua mpaka chuma king'ae, akakaza upya, na gari likanyamaza. Binti yake mkubwa, anayesoma maneno haya, aliyaona hayo akitoka shule, na aliagizwa asiyaseme nje.

Daktari aliugua mwaka 2009 na kufariki tarehe 3 Juni mwaka huo. Wiki moja kabla, mbele ya binti huyohuyo, alimwambia mkewe, "Waambie watu sasa. Masikio yalikuwa yako, na kazi ilikuwa yako." Marehemu alimjibu, "Nyamaza unywe dawa."

Hakuwaambia. Na kwa kuwa hakuwaambia, wateja waliona fundi amekufa, basi. Miezi mitatu hakuna gari lililosimama pale mlangoni. Baba mdogo alikuja na mnunuzi wa vifaa, akasema kwa nia njema kwamba mjane hana haja ya koleo na mashine za kupimia umeme. Marehemu aliwakaribisha, akawapa viti, kisha akatoka, akafunga karakana kwa kufuli mbili na kurudi kuwamiminia chai.

Aliyeyabadilisha mambo ni mwenye mabasi mmoja. Basi lake jipya lilikuwa na skrini mbili. Mistari ilipanda juu ya picha na spika zililia mpaka abiria wakaomba video izimwe. Mafundi watatu walikuwa wamefunga vichujio vinne. Alikuja kuuliza kama Daktari aliacha mwanafunzi.

"Lilete," marehemu akamwambia.

"Nililete kwa nani, mama?"

"Umemwona mtu mwingine humu?"

Kwa mara ya kwanza alifanya kazi mlango ukiwa wazi. Fundi wa pancha aliacha tairi lake akaja kusimama. Marehemu, mwenye miaka hamsini na miwili, alilala sakafuni mwa basi akiwa na khanga kiunoni na tochi mdomoni. Aligundua kwamba skrini ya mbele ilikuwa na ethi yake kwenye dashibodi, na amplifaya ethi yake nyuma kabisa, kwenye boliti ya kiti, juu ya rangi. Kila kimoja kilikuwa na njia yake ya kurudi, na kelele ikatembea katikati yao kwenye waya wa sauti. Alikwangua sehemu moja tu, akaleta ethi zote pale. Injini ikawashwa, dereva akakanyaga mafuta hadi mwisho. Picha ikatulia. Spika hazikutoa hata pumzi. Akavitia vile vichujio vinne kwenye mfuko na kumkabidhi mwenye basi. "Chukua vyako. Havikuwa na kosa."

Mwenye mabasi akatikisa kichwa. "Kweli Daktari alikufundisha, mama."

Binti yake alimtazama, akingoja. Marehemu akafuta mikono. "Tulifundishana," akasema. Binti alikasirika siku mbili, na leo bado hasira haijamwisha.

Tangu siku hiyo hadi mwaka 2022 karakana haikukosa gari. Asije mtu akadhani marehemu hakukosea. Mwaka 2014 alifumua gari la mwalimu mmoja wa hesabu kwa siku mbili, akang'oa zulia, akang'oa viti, na pale karakanani gari likawa kimya kama kaburi. Mwalimu akiendesha, linalia. Akirudi, kimya. Siku ya tatu marehemu alipanda naye, akamwona akitoa chaja ya simu mfukoni na kuichomeka penye kiberiti cha gari, kama alivyofanya kila siku. Alicheka mpaka mwalimu akasimamisha gari pembeni. Hadithi hiyo aliisimulia mwenyewe kila mahali, na ukutani akaandika kwa chaki: CHOMOA CHAJA KWANZA.

Oktoba 2022 miguu ilianza kuvimba, na madaktari wakasema moyo umepanuka. Alilazwa mara nne. Wodini hakuwa mgonjwa mwepesi; alimwambia muuguzi kwamba televisheni ya ukutani inaunguruma kwa sababu ya ethi, akaomba bisibisi, akanyimwa, akanuna. Januari mwaka huu binti yake mkubwa alimuuliza ana kwa ana.

"Mama, tutasema?"

"Msimwaibishe baba yenu."

"Baba mwenyewe alisema tuseme. Nilikuwepo."

"Baba yenu alikuwa hasikii vizuri hata alichokisema yeye." Kisha akasema, "Fanyeni mnavyotaka. Sitakuwepo kubishana nanyi."

Alifariki Jumamosi tarehe 17 Februari 2024, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, watoto wake wote watatu wakiwa kando ya kitanda.

Basi watoto wanasema. Baba yao alikuwa mfungaji hodari wa redio, mtu mpole, mume mwema, na hakusikia mluzi. Hakuna aibu hapo, wala yeye hakuiona. Miaka ishirini na moja, kila gari lililotoka pale likiwa kimya lilinyamazishwa na mwanamke huyu, na miaka kumi na mitatu baada ya hapo alilinyamazisha peke yake. Aliwaachia watu waseme ni mke mwenye wivu, ni msaidizi, ni mjane aliyerithi jina, kwa sababu alimpenda mumewe kuliko alivyopenda kusifiwa. Watoto wake nao wanampenda, ila hawakula kiapo chake.

Marehemu ameacha watoto watatu: binti mkubwa, ambaye ni mwalimu wa fizikia, mwanawe wa kiume, fundi wa majokofu, na kitinda mimba, binti, ambaye amefanya kazi karakanani kwa miaka tisa na atafungua mlango Jumatatu kama kawaida. Ameacha wajukuu watano, dada wawili, kaka mmoja, na shemeji mmoja, ambaye pamoja na yote alimpeleka hospitali kwa gari lake kila alipoitwa, na kwa hilo familia inamshukuru kwa dhati.

Neno la mwisho ni kuhusu programu mlizoshika. Zilitoka kwa mpiga chapa zikiwa na maneno "Mke wa Daktari wa Redio" chini ya picha ya marehemu, na hapakuwa na muda wa kuzirudisha. Ndiyo maana wasifu huu uko kwenye karatasi ya kuchomekwa. Nakala ni mia tatu na ishirini. Jana watoto na wajukuu walikaa mezani tangu asubuhi, wakayakata maneno hayo, nakala moja baada ya nyingine, na kuandika juu yake, kwa mkono, FUNDI. Ikiwa kuna nakala iliyowapita, kalamu ziko kwenye kiti cha pale mlangoni. Tafadhali usitoke na karatasi isiyosahihishwa. Baba mdogo, yako tumeiacha makusudi, uandike mwenyewe.

Fundi na apumzike kwa amani.