Mama Kanyaga Aaga Chumba cha Mazoezi

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, mtaalamu wetu wa mazoezi ya viungo, ambaye wagonjwa walimbandika jina la Mama Kanyaga, anastaafu tarehe 30 Juni. Chumba cha mazoezi kitapoa, na wavivu watapumua.

Alianza kazi akisukuma viti vya magurudumu, akarudi shule, akapanda hadi kuwa mkuu wa kitengo. Waliobadilishwa nyonga ndio hasa waliokuwa wake. Aliwaeleza kwamba mfupa usiobebeshwa uzito hudhoofika, na ukibebeshwa kidogo kidogo huimarika. Kwa kuwa wengi hukwepa kwa kuning'inia kwenye fremu ya kutembelea, aliweka mizani ya kujipimia uzito chini ya mguu uliopasuliwa. Mshale ukisita, alimwambia mgonjwa kwamba mguu huo ni wake, si wa kuazima. Walinuna, lakini walikanyaga.

Kisha zamu ikamfikia. Miaka mitatu iliyopita nyonga yake mwenyewe iligoma, akawekewa ya bandia. Tulitarajia mgonjwa wa mfano. Wapi. Aliwaelekeza wagonjwa wenzake wodini mazoezi akiwa amelala chali, ila yeye kushuka kitandani ilikuwa vita. Bila mguu wa kusimamia kazi ingeishia pale, na mumewe, fundi seremala, alishaanza kumsihi astaafu mapema.

Alipokubali kusimama, tulimwekea mizani yake ileile. Mshale haukutikisika, mikono ndiyo iliyobeba kila kitu. Mjanja wa kuwanasa wakwepaji alikuwa amenaswa. Akacheka, kisha akalia, akakiri kwamba anaogopa kuanguka. Tukamshika kiuno. Akashusha uzito kwa kiasi alichoruhusu daktari, leo kidogo, kesho zaidi, mpaka akaachana na fremu, baadaye na mkongojo.

Aliyerudi kazini alikuwa mpole zaidi, ingawa utani haukumwisha. Kabla ya kumsimamisha mgonjwa, alikaa naye kwanza, akamuuliza anaogopa nini, akasikiliza mpaka mwisho. Sasa kitengo kizima tunafanya hivyo.

Mama, tunakushukuru kwa dhati, na tutakukosa sana. Tunakuombea afya, furaha ya wajukuu na mifupa migumu. Na ikitokea mmoja wetu amelazwa kwa nyonga, tafadhali njoo ukae naye kabla hajasimama.