Mapindo ya Ndinda

Ndugu zetu mliofika hapa Mwihoko, aliyelala mbele yenu ni Idah Kavata, kitinda mimba wa mzee Musembi na mama Kaveke, aliyezaliwa tarehe 9 Agosti 1971 huko Ngoliba, akalelewa na nyanyake Ndinda, mamake akienda kibarua cha mananasi.

Alimaliza shule ya msingi kijijini mwaka 1986, akajifunza ushonaji chuoni Thika, ingawa, ukweli usemwe, ushonaji aliuanzia chini ya meza ya Ndinda akiokota vipande. Ndinda ndiye aliyebuni marinda ya harusi yaliyotamba Thika miaka ya sitini, lakini lebo ilikuwa na jina la mwenye duka aliyemwajiri. Chanda chema huvikwa pete, ila cha Ndinda hakikuvikwa, na alipozikwa mwaka 1984 hakuna aliyeitaja kazi yake. Jambo hilo lilimchoma Kavata maisha yake yote.

Mwaka 1990 alifungua kibanda sokoni Ruiru, na tarehe 12 Desemba 1992 akafunga ndoa na Ephantus Karanja, wakajaliwa mabinti wawili, Jackie, aliyepewa pia jina la mamake Ephantus kama desturi ya Wakikuyu itakavyo, na Kaveke, jina la bibi wa upande wetu. Wa tatu, ambaye angeitwa Ndinda, hakuja, zamu ya Ndinda haikufika.

Basi mwaka 2016 akaanza kazi tuliyoicheka, ya kubisha hodi kwa akina cucu, nyanya wazee wa Thika na Ruiru, akiomba marinda yaliyolala masandukuni. Ndinda alikuwa akiacha pindo la upana wa kiganja, ili rinda literemshwe likirithiwa na bibi harusi mrefu zaidi, na alilishona kwa uzi mwekundu. Kavata akiuona uzi huo, jamani, alilia, maana rinda lote limepauka, lakini ndani ya pindo rangi ingali mbichi. Mapindo hayo akayaunga yakawa kitambaa kimoja kikubwa.

Mwaka 2023 alipatikana na saratani ya tumbo, akapasuliwa, akapata nafuu, ikamrudia. Ephantus alimwahidi kwamba angezikwa amefunikwa kitambaa hicho, akidhani anamheshimu. Kavata, asiyeweza tena kuinua kikombe, alikataa kwa sauti, akasema Ndinda ameshazikwa mara moja, yatosha. Alituacha tarehe 3 Machi 2025, hospitalini Thika, na pengo lake linatuuma.

Ndiyo maana jeneza halijafunikwa, na kitambaa kimetundikwa pale kwenye hema. Pembeni Jackie ameongeza pindo la rinda la mamake la kanisani, kwa uzi mwekundu. Akina mama, mkiiona rangi ya rinda mnalolijua, mtajeni aliyelishona.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kukesha nasi, na mafundi wa Ruiru mliofunga vibanda leo.

Pumzika kwa amani, Kavata, na ukimwona Ndinda, mwambie anatajwa.