Nyasi Kwenye Kengele

"Mama, mimi sikuiba ngamia hata mmoja. Nilijaza tu nyasi kwenye kengele zao," Guyo alisema tena, na abiria wote wa ile teksi ya Probox walikuwa wameshasikia.

Kabale, abiria mwenzake aliyeketi kando yake tangu Ngaremara, alimgeukia. "Ulizijaza kwa nini? Zilikuwa zinasikia baridi?"

"Marafiki waliniomba. Wao ndio waliowaswaga ngamia. Sasa wameshikwa na wamenitaja bure."

"Bure kabisa. Ulinyamazisha kengele ili mwenye mali asiamke, kisha ukaenda kulala kama sheikh." Kabale alikuwa amefuga ngamia tangu utotoni. Kwake, aliyeziba kengele alikuwa ndiye aliyefungua boma.

Mbele kidogo kizuizi cha polisi kilionekana. Guyo akashusha sauti. "Mama, wakiuliza, sema mimi ni mwanao. Neno moja tu."

"Neno moja tu, kama nyasi kidogo tu. Sasa unataka kuniziba na mimi?"

Gari liliposimama, Kabale alishusha kioo kabla hajaulizwa chochote. "Salaam aleikum, afande. Huyu si mwanangu, na ana habari za kengele."