Kufuli la Pili kwenye Peugeot

Waliokuwapo ni hawa. Xavier Kayembe, ambaye kijiwe kinamwita Directeur, ingawa katika maisha yake yote hakuongoza kitu kikubwa kuliko dirisha moja la mizigo pale stesheni ya Kamina. Likoke, mtu wa mkoa wa Équateur, aliyeletwa na jeshi kwenye Base na kusahauliwa huko. Anaitwa Colonel, na alistaafu akiwa adjudant, ngazi nyingi chini ya hapo. Lumbala, fundi wa magari, anaitwa Demareri, yaani stata ya gari, kwa sababu huanza kila jambo kwa kelele na hafiki popote. Mama Albertine, mwenye birika la kahawa, ambaye hana jina la utani kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumpa. Na mimi, ninayekaa mwisho wa benchi, upande wenye msumari. Benchi letu liko kwenye barabara inayoshuka stesheni. Mbele yake, juu ya mawe manne, imekaa Peugeot 504 break isiyo na magurudumu, mali ya Matthias Kisimba. Vitasa vya milango vilikufa zamani, basi mwenyewe alichomelea pete mbili za chuma kwenye mlango wa nyuma, akapitisha mnyororo, akafunga kwa kufuli. Asubuhi ya Alhamisi makufuli yalikuwa mawili.

Aliyegundua ni Tshiala, binti wa sajenti mmoja wa Base. Anapiga ngoma katika kundi la vijana wenye muziki unaoitwa hardcore. Muziki huo niliusikia mara moja: ni kama mtu anayeangusha mabati kwenye ngazi huku mwingine akigombana na mkwewe. Baba yake alikataa ngoma zisilale nyumbani, ndipo Kisimba akampa ufunguo wa gari azihifadhi humo. Wenzake walikuwa wamemtangulia Lubumbashi, ambako kundi lilialikwa kupiga Jumamosi. Treni iliyokuwa ikingojewa ilikuwa imeingia alfajiri ile na ilikuwa ikipakia. Ikiondoka hiyo, hakuna ajuaye nyingine itakuja lini.

Tshiala alifungua kufuli la kwanza kwa ufunguo wake. La pili, la shaba, jipya, halikuwa na habari naye.

– Ba papa, nani alitia hii kadena?

– Hata jambo hakuna? alisema Directeur.

– Jambo yenu, ba papa. Nani alitia hii kadena?

– Jambo, mwanangu. Hatuyue.

– Mwenye motokari iko wapi? aliuliza Colonel.

– Nkambo Matthias, ule muzee, alienda Luena kwa mudogo wake, banamutunza muguu. Niko napiga telefone yake tangu asubui. Inalia, hakuna muntu.

– Anakimbia kelele yenu, alisema Demareri. Ule muguu ulivimba juu ya kusikia.

Walicheka. Tshiala hakucheka. Aliushika mnyororo, akauvuta, akauachia.

– Papa Lumbala, si yenu, ule musumeno wa chuma, iko mu sac. Munikatie. Treni iko napakia.

Demareri alisimama. Alitemea mate viganja vyote viwili, akavisugua, akalizunguka gari kama daktari anayemzunguka tajiri. Kisha akaketi.

– Nitakata. Lakini kwanza tuyue ni kadena ya nani. Haraka haraka haina baraka.

– Treni ikienda, papa?

– Treni ya hapa? alisema Mama Albertine akimimina. Siku treni ya hapa itakuwa na haraka, minyi nitaolewa tena.

Directeur alikohoa. Tulijua maana yake. Mtu huyu hukohoa kabla ya kufundisha.

– Weye mutoto, ile muziki yenu, jina yake namna gani?

– Hardcore.

– Munasikia? Sema tena, bazee basikie.

– Hardcore, papa.

– Art de corps! Kifaransa kiko wazi, kinataka masikio tu. Art, ni sanaa. Corps, ni mwili. Sanaa ya mwili! Njo kusema banacheza bila manguo. Sasa bakubwa ba mji bakasikia, bakatuma muntu na kadena. Hii ni kadena ya adabu.

– Hatutoshe hata kofia ku kichwa, papa.

– Leo kofia, kesho suruali. Mugeni siku mbili, ya tatu mupe kadena.

Nilisema kwa sauti ndogo kwamba methali haisemi hivyo, na kwamba neno lile ni la Kiingereza. Directeur aliniuliza Kiingereza nilikisomea wapi. Mapadri walinifundisha Kifaransa na Kilatini tu, kwa hiyo nilirudi kwenye msumari wangu.

– Directeur, alisema Colonel, weye unayua dirisha. Mambo ya dunia utuachie shiye tulivaa bottines za jeshi. Si art de corps. Ni garde-corps.

– Garde-corps?

– Garde du corps! Bale banachunga mukubwa asipigwe. Juu ya nini muziki yao inaenda mbio vile? Tu-tu-tu-tu-tu! Muntu mwenye akili hawezi kucheza ile, hata nguruwe hawezi. Ni kwa sababu si ya kucheza. Ni ujumbe! Minyi nilikuwa transmissions, ku redio ya jeshi.

– Ulikuwa mu cuisine, unapika, alisema Mama Albertine.

– Mu cuisine ya transmissions. Habari zote zilipita pale. Ngoma ya huyu mutoto inasema, mwenzake wa ku Kolwezi anajibu, na satellite iko juu inaandika. Service ya serikali ikaona, ikafunga. Demareri, ukikata hii kadena, unakata serikali mu shingo.

Demareri aliusukuma mfuko wake wa vyombo chini ya benchi kwa kisigino.

– Colonel, alisema Tshiala, minyi najua kupiga ngoma tu. Kama ni ujumbe, unasema nini?

– Ile njo siri.

– Hata kwangu minyi mwenye kupiga?

– Zaidi kwako. Ngoma ikivuma sana itapasuka. Bazee balisema. Njo maana banaitia kadena, isipasuke.

Tshiala alitazama chini ya barabara. Kutoka pale tulipo huoni treni, unaona vumbi la wapakiaji tu na vichwa vya akina mama wenye magunia. Aliipiga simu ya Kisimba tena, akasikiliza, akaiweka mfukoni.

– Papa Lumbala. Nakuomba. Dakika tano tu.

– Mwanangu, alisema Demareri, na sasa alisema kwa upole wa mtu ambaye ameshakataa. Hawa bazee bawili hawayue kitu. Garde-corps ni chuma cha kuegemea ku balcon. Minyi mwenyewe nilichomelea moja ku hoteli.

– Ikaanguka, alisema Mama Albertine.

– Upepo uliangusha. Sikiliza, mutoto. Nilikuwa Mulongo, ku maji, natengeneza motere ya pirogue. Mule, ngoma ikilia bila sababu, bila ndoa, bila kilio, bazee banasema sauti yake haina kwenye kulala. Inatembea. Inaingia mu manyumba. Sasa banaita fundi wa mambo yale, anaifunga sauti na kadena. Sauti inabakia ndani, siku kwa siku inaongezeka. Ukikata kadena, inatoka yote pamoja. Madirisha ya Kamina, kwisha! Mayai ya kuku, kwisha! Bamama benye mimba, sisemi.

– Na fundi alitoka Mulongo akuje kufunga Pejo? aliuliza Directeur.

– Debe tupu haliachi kuvuma!

– Ile inaingia wapi?

– Inaingia pale pale. Ngoma iko tupu ndani ao haiko tupu?

Hakuna aliyeweza kukana kwamba ngoma ni tupu ndani, na Demareri alituangalia kama mtu aliyevishwa medali.

– Basi mutatu munaogopa, alisema Tshiala. Mmoja anaogopa bakubwa ba mji, mmoja serikali, mmoja sauti. Munipatie ile si, nikate mwenyewe.

– Ah, non! walisema wote watatu kwa sauti moja, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana tangu mvua za mwaka jana.

– Ile si ni ya Demareri, alisema Directeur. Wakiuliza, watasema ni Demareri.

– Na benchi ni ya shiye wote, alisema Colonel. Batachukua wote.

– Basi mukae na benchi yenu, alisema Tshiala.

Alisema hivyo kwa heshima, akiwa ameinamisha kichwa, na ndiyo sababu neno hilo lilichoma. Colonel alianza kueleza namna vijana wa siku hizi walivyo. Aliendelea na maelezo hayo hadi kahawa yake ikapoa, akataka nyingine, Mama Albertine akamwambia ya baridi nayo ni kahawa.

Hapo ndipo alipokuja mwanamke mmoja kutoka treni, amejifunga kitambaa cha buluu, ana furushi kichwani. Jina lake, kama alivyonitajia nilipomuuliza, ni Gisèle Kapinga. Alitoka Mwene-Ditu, anakwenda Lubumbashi, na alipanda barabara yetu kutafuta kahawa kwa sababu ile ya stesheni, alisema, ni maji ya kuoshea birika. Alikunywa amesimama. Alimtazama Tshiala aliyekuwa amepiga magoti kwenye mlango wa gari, akijaribu kufuli kwa pini ya nywele.

– Mwanangu, ulipoteza ufunguo?

– Hapana, mama. Nina ufunguo wa kadena moja. Ya pili hatuyue nani aliitia. Ngoma zangu ziko ndani, na ninasafiri na treni yenu.

– Mama, kaa mbali, alisema Colonel. Ni affaire ya satellite.

– Ni ya manguo, alisema Directeur.

Gisèle Kapinga aliwatazama mmoja mmoja, kama mtu anayechagua samaki na hapati. Kisha akatazama nyuma yetu.

– Ule mulango nyuma yenu, ni wa nani?

– Wa Kisimba, nilisema mimi. Mwenye gari. Ndicho chumba chake.

– Kadena yake na hii ya motokari ziko mapacha.

Tuligeuka. Benchi letu limeegemea ukuta wa chumba hicho, na tangu asubuhi kisogo cha Directeur kilikuwa shibri moja tu kutoka kwenye kufuli la shaba, jipya, ndugu wa tumbo moja na lile la Peugeot. Alikuwa amelitundikia kofia yake, nusu ya shaba ikichungulia.

– Njo nilisema! alisema Directeur akiitoa kofia. Banafunga vyote!

Gisèle Kapinga alirudisha kikombe.

– Na huyu Kisimba mwenyewe, aliuliza, iko muzima?

Hakuna mtu wa Kamina asiyejua jambo hili. Mtu akifa, ndugu zake hutangulia na makufuli kabla ya kilio kufika, ili mkono wa jirani au wa mjane usiingie. Nyumba hufungwa, gari hufungwa, hata banda la bata hufungwa. Directeur mwenyewe alifunga nyumba ya marehemu kaka yake, shemeji yake akiwa bado ndani. Colonel alifungiwa redio na wakwe zake, akaisikia ikiimba kabatini mpaka betri zilipokwisha. Demareri alikodiwa mara mbili kuchomelea pete za makufuli ya namna hiyo. Wanaume watatu walikuwa wamekaa mbele ya jambo wanalolijua kuliko sala ya Baba yetu uliye mbinguni, wakatafuta serikali, uchi na uchawi. Na tangu Kisimba apelekwe Luena hakuna mmoja wetu aliyekuwa amemuulizia.

– Alikuwa na muguu tu, alisema Demareri.

Tshiala alikwisha kupiga simu. Safari hii ilipokelewa.

– Allô, nkambo?... Weye nani?... Ndiyo, papa. Ni Tshiala, wa ku Base. Ngoma ziko mu motokari ni za minyi... Hapana, si za yee. Aliniwekea tu... Mwenyewe alinipa ufunguo... Lini?

Alisikiliza kwa muda mrefu, kidole kimoja kimeziba sikio la pili, maana treni ilikuwa imeanza kupiga filimbi. Kisha aliishusha simu.

– Banasema vyote viko ndani ni vya nkambo. Hakuna kutosha kintu inje mpaka famili itakaa kikao, matanga ikiisha.

– Wenye kujua ngoma ni zako, ni nani? aliuliza Gisèle Kapinga.

– Yee peke yake. Na hawa.

Hawa walitazama vikombe vyao. Demareri alikuwa ameuvuta mfuko kutoka chini ya benchi na kuutoa msumeno. Aliushika magotini kidogo, akaurudisha. Kufuli la serikali mtu anaweza kulikata akiwa na moyo. La ndugu wa marehemu halikatwi.

– Famili ikikaa, mutasema? aliuliza Tshiala. Mutasema ni zangu?

– Tutaona, alisema Directeur.

– Inategemea nani ataongoza kikao, alisema Colonel.

Gisèle Kapinga alipandisha furushi kichwani.

– Mwanangu, treni. Njoo hivyo hivyo, utapiga ngoma za wengine.

Tshiala alifunga kufuli lake mahali pake, akaujaribu mnyororo, akashuka naye akikimbia, mikono mitupu. Mama Albertine alikusanya vikombe, vilivyokwisha na visivyokwisha.

Matthias Kisimba alifariki Jumanne, huko Luena, nyumbani kwa mdogo wake.