Bibi Shamba Deodata na Nyasi Zisizo na Mizizi

Tarehe 30 Juni 1999, baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi, Bibi Deodata Kwizera anastaafu. Alianza kazi Nyakisasa, hapa wilayani Ngara, akiwa bibi shamba kijana, mwenye baiskeli isiyo na breki na sauti ya kusimamisha ng'ombe. Breki hazikutengenezwa kamwe. Sauti ilitosha.

Wengi tunamjua kwa utani wake. Ni mtaalamu wa panya anayeogopa paka. Akifika nyumba yenye paka hukaa mlangoni na kudai kwamba anapenda upepo. Wakulima wa Kirushya wamejifunza kwake kuhifadhi maharage, na hakuna aliyefundishwa naye mara moja tu, maana hurudi kukagua.

Lakini wasifu wake haukamiliki bila mwaka 1995, ingawa sisi tuliokuwa naye hatupendi kuukumbuka.

Mwaka ule wakimbizi wa Burundi na Rwanda waliokuwa kambini walikuwa wengi kuliko wenyeji, na panya walikuwa wengi kuliko wote. Walivamia mbuga ya malisho iliyo kati ya Ngara na Biharamulo. Kwa mbali ilionekana mbuga njema, nyasi zimesimama. Ukizishika zilikuja mkononi bila kuvutwa, kwani mizizi ilikwisha kuliwa. Ardhi ilididimia chini ya kiatu. Ng'ombe walifika ukingoni wakagoma kuingia, wakabaki wanatazama. Mwewe walishiba hata wakaacha kuruka. Walikaa chini mchana kweupe wakituangalia tukipita. Ukisimama kimya, ulisikia kutafuna chini ya nyayo zako. Mimi niliogopa, na sioni haya kusema hivyo.

Tuliletewa mahindi yaliyochanganywa na sumu nyeusi, tukayatia mashimoni. Vibao viliandikwa kama sote tusemavyo madukani: DAWA YA PANYA. Hapo ndipo tulipokosea. Akina mama wa kambini waliokuja kukata nyasi za kuezekea walikuwa wamepunguziwa chakula. Waliojua Kiswahili kidogo waliwasomea wenzao neno moja, dawa, na dawa haiui mtu. Wakaanza kufukua mashimo.

Deodata alimkuta mmoja wao, Nimpaye, mama wa watoto wadogo, kitenge chake kimejaa mahindi meusi. Akamweleza kwamba ni hatari. Nimpaye akajibu kwa upole kwamba atayaosha vizuri na kuyachemsha sana. Ndipo Deodata akasema neno la Kirundi, ambalo Wahangaza, wenyeji wa Ngara, nao wanalo: uburozi. Neno hilo ni sumu, na ni uchawi vilevile. Nimpaye alikiachia kitenge palepale na mahindi yake, akaondoka kinyumenyume bila kumpa mgongo.

Tangu siku hiyo hakuna aliyegusa mashimo, na hakuna aliyekufa. Ila neno lilitembea na kukua njiani. Ilisemekana kwamba Deodata ndiye mrozi, yaani mchawi, na kwamba zile nyasi zilikufa zimesimama kwa mkono wake. Kambini watoto walifichwa akipita. Vijijini kwetu, watu waliomjua tangu utotoni waliacha kupokea kitu mkononi mwake. Tulimsihi awaeleze. Alikataa, akisema wakijua ni sumu tu wataiosha. Alingoja mpaka mvua zikanyesha na mahindi yale yakaoza, ndipo akaeleza. Wakati huo wachache sana walitaka kumsikia. Iliniuma, na inaniuma hadi leo.

Nyasi zimerudi, na ng'ombe wanalishwa pale. Jina lake halijarudi lote.

Kwa hafla hii Bibi Deodata ametengeneza rubisi mwenyewe. Desturi yetu inajulikana: mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni, wajue kwamba ni salama. Miaka hii yote amekuwa akionja, akionja tena, na vikombe vya wageni vinabaki vimejaa. Safari hii tumekubaliana asionje. Nimpaye, ambaye bado yuko kambini, ameomba ruhusa ya kuja, na ameomba kikombe cha kwanza kiwe chake. Watoto wake atakuja nao.

Bibi Deodata, tunakushukuru kwa moyo wote. Uishi miaka mingi yenye afya na heri. Leo wewe kaa tu kitini. Tunakunywa bila kukungoja.

Bartholomayo, kwa niaba ya watumishi wenzako