Matundu Miguuni mwa Kuku wa Baba

Ndugu waombolezaji, mimi ni binti wa kwanza wa marehemu, na wajomba wameniomba nisome historia hii kwa upole, lakini aliyemwita Baba mwongo amekaa safu ya pili na shada lake la maua, kwa hiyo upole utanishinda.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, akapata cheti cha mifugo mwaka 1983, na tarehe 2 Januari 1984 akaajiriwa katika shamba la kuku wa nyama, ambako kwa miaka ishirini na saba hakuchelewa kazini hata siku moja, ila tarehe 6 Desemba 1986 alichelewa kwenye harusi yake mwenyewe, kwa sababu alipitia mabandani kwanza. Yeye na Mama walijaliwa watoto wanne.

Baba hakupenda kuku wazima walishwe antibiotiki kila siku ili wanenepe haraka, akisema dawa ikizoeleka haitibu, hivyo akakamua vitunguu saumu, tangawizi na majani ya mwarobaini, akachanganya kwenye chakula chao, watu wakamcheka na kumwita Mganga wa Kuku. Tarehe 2 Mei 2011 meneja wa shamba alikubali majaribio, banda moja la antibiotiki, jingine la Baba, na tarehe 6 Juni, siku ya mizani, alipoona kuku wa Baba wamewapita wenzao kwa uzito, akabadilishanisha vibao vya milangoni, kwa kuwa muuza antibiotiki alikuwa shemeji yake. Hakujua kwamba Baba hutoboa kila kifaranga cha banda lake tundu dogo la alama kwenye ngozi ya kati ya vidole. Baba alipoyaonyesha matundu, kuku wote walipelekwa machinjioni siku ileile, naye akafukuzwa tarehe 20 Juni kwa kosa la kusema uongo.

Tarehe 11 Januari 2024 alijikata mguu kwa jembe, kidonda kikaoza, maabara ikajaribu antibiotiki sita, zote zikagonga mwamba, akafariki tarehe 9 Februari saa nne asubuhi, akituusia tusilipize kisasi, na sisi tuliomtii maisha yetu yote, hilo limetushinda.

Tunawashukuru madaktari walioiambia familia ukweli, majirani walioleta viti na maji, na wafanyakazi wenzake, hasa mama wa machinjioni anayepanga miguu ya kuku kwa ukubwa, ambaye siku ile aliyakuta matundu kwenye miguu ya kuku wazito, akaandika idadi yake, na jana alitia sahihi maelezo yake mbele ya wakili. Mwenye shamba anayo nakala, na yako, Meneja, ipo chini ya kiti ulichokalia.

Pumzika kwa amani, Baba, huyu tuachie sisi.