Binti wa Redio Mwenye Sauti ya Asali

Dereva alikuwa amefungulia kile kipindi cha soga na mastaa, na basi zima lilikuwa limetega sikio. Fundi cherehani alikaa dirishani, kaushika mkoba kama unataka kukimbia, akimsikiliza mwanawe wa kumzaa akicheka redioni.

"Huyu mwimbaji atachimbwa leo mpaka atoe yote," alisema jirani yake, muuza viatu asiyemfahamu.

"Hawamchimbi yeye, kaka. Wanaanza na mama yake."

"Wewe umejuaje?"

"Mama yake ndiye mimi. Juzi alinipigia binti wa redio, mama huku, mama kule, akauliza mwanangu alikuwaje utotoni. Nikadhani ananisalimia tu, mahojiano yatakuja siku yake. Mdomo umeniponza. Nilimwambia kuwa marehemu mume wangu alimlea tu, hakumzaa. Mwanangu mwenyewe hajui."

Muuza viatu akamsogelea. "Labda hawatalitaja. Nao si wana mama zao?"

"Wanao, na kazi zao pia wanazo."

"Mpigie mwanao basi!"

"Tangu asubuhi napiga. Akiingia studio huzima simu."

Redioni mtangazaji akashusha sauti, mpole kama mtu anayenoa kisu. "Kuna jambo mama yako katusimulia..."

"Mama?" Mwimbaji alikuwa bado anacheka. "Haya, kasemaje?"

Basi likafika kituo cha mwisho. Dereva akazima injini, na redio ikanyamaza nayo. Fundi na muuza viatu peke yao hawakulalamika.

"Aa, dereva!" abiria wakapiga kelele. "Hebu washa, tusikie mama kasemaje!"